MWAKA WA LUGHA: HISTORIA YA MASHARTI YA KICHINA KWA WANAFUNZI WAGENI WA VYUO VIKUU VYA CHINA

Wanapozungumza juu ya vijana wetu wanaokwenda kusoma nchi za nje, watu wengi huuliza mambo mawili: nani anawalipia, na watarudi na shahada gani. Ni wachache wanaouliza watasoma kwa lugha gani, na nani atawafundisha lugha hiyo. Hata hivyo, swali hili la tatu ndilo linaloamua ni kiasi gani cha ujuzi kitakachorudi nyumbani. Elimu hubebwa na lugha, na lugha ina wenyewe.

Katika makala hii tutaeleza jinsi vyuo vikuu vya China vilivyoweka masharti ya lugha kwa wanafunzi wageni tangu 1950, na jinsi vilivyowapima na kuwapanga madarasani. Tumeichagua China kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi iliyokataa kufundisha sayansi kwa lugha ya watawala wa zamani wa dunia, ikafundisha kila somo kwa lugha ya umma wake. Pili, vijana wa Tanzania wamepita katika madarasa hayo kwa zaidi ya miaka hamsini, na reli yetu ya TAZARA ni sehemu ya historia hiyo.

Shabaha yetu si kusifu wala kulaumu. Kada anayesoma historia ili apate nyimbo za kuimba hana faida kwa Chama. Tunataka kujua ni sera ipi iliyomwezesha mwanafunzi, ni ipi iliyomwacha njiani, na kwa nini.

1. CHANZO: WANAFUNZI 33 WA TSINGHUA

Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa tarehe 1 Oktoba 1949. Mwaka mmoja tu baadaye, mwishoni mwa 1950, kundi la kwanza la wanafunzi wageni lilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Walikuwa vijana 33 kutoka Romania, Hungaria, Bulgaria, Poland na Chekoslovakia. Mmoja wao, Romulus Ioan Budura wa Romania, alikuja kuwa balozi wa nchi yake huko huko Beijing.

Tukumbuke hali ya China wakati huo. Nchi ilikuwa imetoka vitani, ilikuwa maskini, na sehemu kubwa ya wananchi wake hawakujua kusoma wala kuandika. Ingekuwa rahisi kuwaambia wageni wale wasome kwa Kirusi au kwa Kiingereza, kwani walimu wenye lugha hizo walikuwapo. Hilo halikufanyika. Liliundwa darasa maalum la Kichina, na sharti likawekwa kwamba mwanafunzi ajifunze lugha kwanza, ndipo aingie katika chuo cha fani yake. Mwaka 1952, vyuo vikuu vilipopangwa upya nchini kote, darasa hilo lilihamishiwa Chuo Kikuu cha Peking.

Kazi ya kufundisha ilikuwa ngumu kwa sababu vifaa havikuwapo. Kichina kina toni: silabi "ma" ikitamkwa kwa toni ya kwanza ni mama, na kwa toni ya tatu ni farasi. Tena maandishi yake hayaandikwi kwa herufi za sauti bali kwa maelfu ya alama, na kila alama hukaririwa yenyewe. Mwaka 1956 serikali ilianza kurahisisha maumbo ya alama hizo, na mwezi Februari 1958 ilipitisha pinyin, yaani utaratibu wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Mwaka huo huo wa 1958 kilitolewa kitabu cha kwanza kamili cha kuwafundisha wageni Kichina.

Hatua hizo za herufi na maumbo hazikufanywa kwa ajili ya wageni. Zilifanywa kwanza ili wakulima na wafanyakazi wa China wajifunze kusoma. Mgeni alinufaika na kazi iliyofanywa kwa ajili ya umma. Lugha iliyotengenezwa vizuri kwa wenyewe huwa nyepesi pia kwa mgeni.

2. WANAFUNZI WA AFRIKA NA SHULE YA MATAYARISHO

Mwaka wa 1960 nchi nyingi za Afrika zilijipatia uhuru, na wanafunzi wa Kiafrika walianza kufika Beijing kwa wingi zaidi. Mwaka huo ofisi maalum ya wanafunzi wa Afrika iliundwa katika Chuo cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Kati ya wanafunzi hao walikuwamo Wazanzibari. Mwaka 1962 kazi yote ya kuwaandaa wageni ilikusanywa katika shule moja ya matayarisho, na mwaka 1964 shule hiyo ikapewa jina la Chuo cha Lugha cha Beijing. Hicho ndicho kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Lugha cha Beijing.

Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo wengine hupenda kulipita haraka. Kundi hilo la kwanza la Waafrika halikufanikiwa. Emmanuel Hevi wa Ghana, aliyekuwa mmoja wao, alieleza katika kitabu alichotoa 1963 kwamba kati ya wanafunzi 118 wa Afrika waliokuwako, 96 waliondoka. Kitabu hicho kilichapishwa katika nchi za Magharibi wakati wa vita baridi, nacho kina hasira nyingi. Lakini kada haikatai hoja kwa sababu tu haipendi inakotoka. Hevi alitaja ubaguzi, upweke na ukosefu wa maisha ya kijamii, na alitaja pia ugumu wa lugha.

Hali hiyo inafahamika vizuri. Kijana ameondoka kwao akiahidiwa udaktari au uhandisi. Anafika na kuambiwa kwamba mwaka wa kwanza hatagusa udaktari wala uhandisi, atakariri toni na alama. Kwao hakuelezwa hivyo. Hajui mwaka huo utamfikisha wapi. Akiufuata uvivu atashindwa, na akifanya bidii bado ataona wenzake waliokwenda London au Moscow wamemtangulia. Sharti lenyewe linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini sharti ambalo mtu hakulielewa kabla ya kulikubali humfanya ajione amefungwa. Siasa ya kumwandaa mwanafunzi ilipaswa kuanza nyumbani kabla hajapanda ndege.

Baada ya hapo idadi ya wageni iliongezeka. Mwaka 1965 Vietnam, iliyokuwa katikati ya vita dhidi ya ubeberu wa Marekani, ilipeleka wanafunzi 2,000 kwa mara moja, nao wakagawanywa katika vyuo 23 kujifunza Kichina. Mwaka uliofuata yalianza Mapinduzi ya Utamaduni, masomo yakasimama, na wanafunzi wageni wakatakiwa kurudi makwao.

3. VIJANA WA RELI

Mlango ulifunguliwa tena kwa sababu ya kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya Afrika. Tanzania, Zambia na China zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa kujenga reli mwezi Septemba 1967, na ujenzi ulianza 1970. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi isingeweza kuendeshwa milele na wageni. Kwa hiyo mwezi Juni 1972, Chuo Kikuu cha Kaskazini cha Jiaotong, Beijing, ambacho ni chuo cha mambo ya reli, kilipokea vijana 200 kutoka Tanzania na Zambia. Walikuwa kundi la kwanza kubwa la wanafunzi wageni tangu masomo yaliposimamishwa 1966. Chuo cha Lugha chenyewe kilifufuliwa mwaka huo huo, na kikaanza tena kupokea wageni 1973.

Vijana hao nao walianza na lugha, kisha wakaingia katika fani za reli: uendeshaji, injini, mabehewa, mawasiliano na ishara. Walihitimu 1975, mwaka ambao njia ya reli ilikamilika. Tarehe 14 Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili.

Tulinganishe makundi mawili hayo, la 1961 na la 1972. Lugha ilikuwa ile ile. Toni na alama zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa katika uhusiano kati ya lugha na kazi. Kijana wa 1972 alijua anajifunza Kichina kwa nini. Kila neno alilojifunza lilikuwa na mahali pake relini: ishara, breki, ratiba, taa. Wachina aliowaona darasani aliweza kuwakuta kazini Mlimba au Mpika. Lugha kwake ilikuwa chombo cha kazi, na nyuma ya chombo hicho palikuwa na nchi mbili zilizokuwa zikimsubiri.

Wala mzigo wa lugha haukubebwa na upande mmoja. Redio ya Peking ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, na vyuo vya Beijing vilifundisha Kiswahili kwa vijana wa Kichina tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Udugu ambao lugha inavuka upande mmoja tu haujakamilika.

4. KUPANGWA MADARASANI: USAWA NI NINI?

Sasa tuje kwenye suala linaloonekana dogo, nalo ni kumpanga mwanafunzi mpya darasani. Wanafunzi wageni walipoongezeka kutoka kila bara, vyuo vya China vilikutana na watu wa aina tatu ambao mtihani mmoja hauwezi kuwapima kwa haki.

Aina ya kwanza ni Wajapani. Maandishi ya Kijapani hutumia alama nyingi zilizotoka China. Mwanafunzi wa Kijapani anaweza kufika bila kujua kusema sentensi moja ya Kichina, lakini akafungua gazeti na kukisia habari zake. Aina ya pili ni watoto wa Wachina walioishi ng'ambo. Hao husikia Kichina nyumbani, pengine lahaja ya kusini, lakini wengi hawawezi kuandika. Aina ya tatu ni wale wanaoanza na sifuri katika kusikia, kusema, kusoma na kuandika. Waafrika wengi wako katika aina hii.

Mkiwaweka wote pamoja kwa kuwa wote ni wapya, mnadhani mmetenda usawa. Ukweli ni kwamba mmemwadhibu aliyeanza na sifuri. Mwalimu akiandika ubaoni, Mjapani amekwisha kuelewa. Akiuliza kwa mdomo, mtoto wa Kichina amekwisha kujibu. Yule wa tatu anabaki kimya, na kimya chake kinaandikwa kuwa ni upungufu wa akili. Kuwatendea sawa watu wasio sawa ni kuimarisha tofauti iliyokuwapo, na wanaosoma uchambuzi wa matabaka watalitambua jambo hili mara moja.

Ndiyo sababu njia iliyokomaa ni kumpima mwanafunzi mpya siku za mwanzo kwa mambo yote manne, si kwa karatasi peke yake, kisha kumpeleka anapostahili, na kumruhusu kupanda au kushuka darasa katika wiki za kwanza endapo amepangwa vibaya. Anayejua kusema lakini hajui kusoma anahitaji darasa lake. Anayesoma lakini hasemi anahitaji jingine. Kupanga darasa ni kazi ya haki kama ilivyo kugawa ardhi: ukikosea mpaka siku ya kwanza, ugomvi utadumu.

5. KUTOKA MWAKA HADI MTIHANI

Baada ya 1978 China ilifungua uchumi wake na wageni wakawa wengi. Katika 1984 Chuo cha Lugha cha Beijing kilianza kutengeneza mtihani wa kupima ujuzi wa Kichina, unaojulikana kwa kifupi kama HSK. Mwaka 1992 ulifanywa kuwa mtihani wa taifa. Kwa utaratibu uliotumika tangu katikati ya miaka ya 1990, aliyetaka kusoma sayansi, uhandisi au udaktari wa kisasa alitakiwa kufika ngazi ya 3, na aliyetaka kusoma fasihi, historia au tiba ya jadi ya Kichina alitakiwa ngazi ya 6, katika ngazi 11 zilizokuwapo. Mwaka 2010 ulianza kutumika mtihani mpya wa ngazi sita. Ngazi ya kwanza ilidai maneno 150, ya nne maneno 1,200, ya tano 2,500. Vyuo vingi vilidai ngazi ya nne kwa sayansi na ya tano kwa masomo ya jamii. Mwaka 2021 vilitangazwa vigezo vingine vyenye ngazi tisa na maneno zaidi ya 11,000.

Tuangalie kilichobadilika. Zamani sharti lilikuwa mwaka: serikali ilikuambia njoo, tutakufundisha. Mtihani ukageuza sharti kuwa cheti: njoo ukiwa umekwisha kujua. Mtihani una faida zake, kwa kuwa huzuia upendeleo na humpa kila mtu kipimo kimoja. Lakini unauliza unajua kiasi gani, hauulizi ulijifunzia wapi na kwa fedha za nani. Mtoto wa mfanyabiashara wa mjini atalipia masomo ya Kichina. Mtoto wa mkulima wa Ludewa au Kasulu atayapata wapi? Masharti ya lugha yakibaki kuwa cheti tu, yatachagua tabaka kabla ya kuchagua akili.

China yenyewe iliona upungufu huo. Kuanzia Septemba 2010, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaolipiwa na serikali ya China na wasiojua Kichina walitakiwa kupitia masomo ya matayarisho ya mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuanza shahada. Tena masomo hayo hayakuwa ya maamkizi tu. Yalichanganya Kichina cha kawaida na Kichina cha fani, pamoja na hisabati, fizikia na kemia kwa Kichina. Hapo tunaona mwaka wa lugha ukirudi, na mtihani ukiwekwa mwishoni mwa mwaka huo.

6. MLANGO WA KIINGEREZA

Wakati huo huo ulifunguliwa mlango mwingine. Ili kuvuta wanafunzi wengi, vyuo vingi vya China vilianzisha shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza. Katika udaktari jambo hili lilienea hata serikali ikalazimika kuweka kanuni mwaka 2007, na vyuo 30 tu vikapewa ruhusa mwanzoni. Mwaka 2018 China ilikuwa na wanafunzi wageni 492,185, na kati yao 81,562 walitoka Afrika. Kundi hilo ni kubwa kuliko jeshi zima la wanafunzi wa miaka ya 1960.

Mlango huu unapendeza kwa sababu hauna mwaka wa kusubiri. Lakini mgonjwa wa hospitali ya Nanjing haelezi maumivu yake kwa Kiingereza. Fundi wa kiwandani hafundishi mkono wake kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa udaktari asiyejua Kichina husimama kando ya kitanda akisubiri kutafsiriwa, na anachosubiri kutafsiriwa ndicho hasa alichokwenda kukisomea. Serikali ya China ililiona hilo pia. Kanuni za 2017 zilifanya Kichina kuwa somo la lazima kwa wageni wote wanaosomea shahada. Vigezo vya 2018 vikaongeza kwamba hata anayefundishwa kwa lugha ya kigeni lazima, akihitimu, awe amefika ngazi ya nne ya Kichina kwa shahada ya kwanza, na ya tatu kwa shahada za juu. Anayefundishwa kwa Kichina ahitimu akiwa ngazi ya tano.

Hivyo mzunguko wa historia umetimia: sharti la kuingilia lililegezwa, likarudi kama sharti la kutokea. Mhandisi atakayerudi na shahada bila lugha atahitaji mkalimani kila mtambo utakapoharibika, na kitabu cha mtambo kitabaki kabatini.

7. FUNZO KWETU

Mwaka 2013 zilifunguliwa Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana wetu wengi sasa huanza Kichina wakiwa nyumbani. Ni hatua njema. Lakini historia tuliyoieleza inatupa kazi tatu.

Kwanza, wanaopeleka vijana nje wawaeleze ukweli wa mwaka wa lugha kabla hawajaondoka: ni mwaka mzima, ni mgumu, na ndio unaoamua miaka inayofuata. Pale inapowezekana, kijana anayelipiwa kwa mali ya umma asome kwa lugha ya nchi aliyokwenda, na ujuzi wake uunganishwe na kazi inayomngoja, kama walivyounganishwa vijana wa reli.

Pili, vyuo vyetu vinavyofundisha Kiswahili kwa wageni viwapime na kuwapanga kwa makini. Mkongo wa Bukavu anayesema Kiswahili tangu utotoni, Mmarekani aliyesoma sarufi tu, na Mchina anayeanza na "hujambo" si wanafunzi wa darasa moja.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tujiulize juu ya watoto wetu wenyewe. Mtoto wa mkulima husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza hukuta fizikia, kemia na baiolojia kwa Kiingereza. Matayarisho anayopewa ni ya wiki chache. China ilimpa mgeni mtu mzima mwaka mzima, walimu maalum na vitabu maalum kabla ya kumtaka aelewe somo kwa lugha asiyoijua. Sisi tunamtaka mtoto wetu avuke mto huo huo kwa wiki chache, na akizama tunasema hana kichwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza.

Zipo njia mbili tu za haki. Ama mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa, ama apewe mwaka wa lugha wa kweli, unaolipiwa na umma, kabla ya kupimwa kwa lugha asiyoielewa. Tunayoifuata sasa si ya kwanza wala ya pili. Wanachama katika matawi, walimu na wazazi waijadili hoja hii wakiwa na historia mkononi. China ya 1950 ilikuwa maskini wa mali kama sisi, na haikungoja kutajirika ndipo ifundishe kwa lugha yake.